Neno la Kihispania Ulilotuachia

Kaka yangu Salum,

Salamu nakupa kwa sababu ni wajibu wa Mwislamu kwa Mwislamu, na kwa sababu mama angenigombeza kama ningeanza barua bila ya kuitoa. Mimi mzima. Wewe sikuulizi.

Barua hii haikutiwa lakiri. Karani wa kadhi ataisoma kabla haijatoka mjini, na atakayekuletea, kama anajua kusoma, na aisome njiani. Sababu yake utaijua mbele. Kwanza nataka tukumbuke, maana nimekumbuka peke yangu muda mrefu sana, na mtu akikumbuka peke yake hufika mahali akatilia shaka hata aliyoyaona kwa macho yake.

Unakumbuka ulivyoletwa nyumbani Kiponda, umebebwa na wachukuzi wawili? Ulikuwa umetoka kwenye meli ya Wahispania, ile iliyokuwa ikipita Adeni kwenda Manila, ambamo ulikuwa ukichochea moto wa mashine. Mvuke ulikuwa umekuunguza mguu kutoka gotini hadi kifundoni. Mama alipofunua kile kitambaa alikaa chini palepale ukumbini, akawa anasema na mguu kana kwamba ni mtoto mdogo: "Pole, mwanangu, pole." Baba yetu alikuwa ameshatangulia, na wewe ndiye mwanamume pekee tuliyebakiwa naye. Mimi nilikuwa msichana nimeshaanza kutawa, sina pa kwenda. Wewe huna mguu wa kukupeleka popote. Basi tukawa sisi wawili orofani, wewe kitandani, mimi mkekani na kofia yangu ya kushona.

Siku moja ukanambia, "Maryamu, nikufundishe Kihispania?"

"Cha nini?"

"Cha kusema mbele ya mama na asijue."

Hiyo ilinitosha.

Ulikuwa umejifunza lugha ile kwa mpishi wa meli na kwa wenzio wa chini kwenye moto. Ndiyo maana hukunifundisha majina ya maua wala ya nguo. Kule chini, ulisema, watu hawana mazungumzo mengine ila muda: umeingia saa ngapi, umebakisha kiasi gani, utatoka lini, mwaka wa ngapi huu tangu uone kwenu. Ulirudi na lugha nzima ya kungojea, na lugha hiyo ndiyo uliyonipa.

Ulianza na *llevar*. Ukasema maana yake ni kubeba, na kwamba Mhispania aliyekaa mahali mwaka mmoja husema anaubeba mwaka.

"Anaubeba wapi?" nikakuuliza.

"Anapopajua mwenyewe. *Llevo tres años en el mar.* Nabeba miaka mitatu baharini."

"Basi ndiyo maana umerudi umeinama."

Ulicheka mpaka ukauumiza mguu. Kisha ukanifundisha *hacer*, kwamba kwao mwaka uliopita haupiti, unafanya. Husema "yafanya mwaka", nami nikakushika, unafanya nini, unafanya kazi gani, hata ukanirushia mto. Ukanifundisha *acabar*, kumaliza, ambalo Mhispania hulisema hata kwa jambo lililotokea sasa hivi tu. *Acabo de llegar*, nimemaliza kufika, yaani vumbi bado liko miguuni. Ukanifundisha *seguir*, kufuata: mtu anayengoja bado, husema anafuata kungoja. Nilikuona mtu mwenye elimu kubwa kuliko walimu wote wa Unguja.

Na ukanifundisha *tardar*. Kukawia. Ukasema mtu akiulizwa atakawia kiasi gani, jawabu ya mwungwana ni moja: *no tardo*, sikawii.

"Na asiyekuwa mwungwana?"

"Naye husema hilohilo."

Tulicheka tena. Mimi nilicheka zaidi yako.

Mama hakukijua Kihispania, lakini hilo alilisikia. Aliniita siku moja kutoka jikoni, "Maryamu!" nami nikaitika, "Naam!" "Niletee ungo." Nikamjibu kwa kucheza, "*No tardo!*" Mama akasema, "Utarudi kutoka wapi? Nimekwambia ulete ungo." Alikuwa amesikia "ntarudi". Tulijificha nyuso ndani ya mito. Toka siku hiyo neno lile likawa la nyumba nzima. Ukitoka kwenda msikitini, mguu ulipoanza kukaza, uliliita kutoka ngazini, na mama akajibu, "Haya, rudi salama."

Mguu ulipopona ukaanza kwenda Chwaka. Hewa ya pwani ile inakaza mishipa, ulisema. Ulikuwa unakaa siku mbili tatu, unarudi na samaki mkavu na uso umenawiri. Mama akafurahi. Akaona umekuwa mtu mzima, akaenda kwa ami akakuposea bintiye, Zuwena. Hukusema ndiyo, hukusema siyo. Uliutazama mkono wako. Mama alikuona una haya. Mimi nilikuwa nakujua, na mimi pia niliona ni haya.

Nguo za Zuwena zilikuwa zimeshashonwa uliposema kuwa meli imekuita. Wamepungukiwa na watu, safari moja tu, ukirudi harusi. Mama alilia kidogo, kisha akakufungia bisi na mikate ya mofa. Nilisimama dirishani, nikakuona ukishika njia ya forodhani na mfuko begani. Ulipofika penye kona uligeuka ukainua mkono, ukaita, "*No tardo!*"

"Umemsikia?" mama akanambia. "Kasema ntarudi. Kasema kwa mdomo wake."

Sasa nikusimulie yale ambayo hukuyaona, ingawa nimekuja kujua kwamba mengi ulielezwa.

Mwaka wa kwanza tulikungoja kwa furaha. Rafiki yako Hamadi alikuwa akija barazani kila baada ya muda kuleta habari: kuna baharia kakuona Adeni, hujambo, umenenepa. Kuna mwengine alikula nawe Manila. Mama alimpa Hamadi kahawa na halua, na akamfanya aseme yote mara mbili. Akimaliza, mama hugeuka kwangu: "Manila ni mbali kiasi gani?" Nami namwambia ni mbali sana, mama, mbali kuliko Bara Hindi. Husema, "Basi si kosa lake."

Zuwena aliolewa na mtu mwengine, na ami hakutia mguu kwetu tena. Mama akasema wewe ukirudi utakwenda kumwomba radhi mwenyewe.

Kisha nikaja kuposwa mimi. Alikuwa kijana wa Mombasa aliyekuja kusomesha chuoni mtaa wa pili, mtu mpole, Nassor jina lake. Sikuwahi kuzungumza naye ila mara moja nyuma ya pazia, aliponiuliza kama ni kweli nashona kofia zile za vitobo vidogo vidogo, nami nikasema ndiyo, naye akasema, "Basi una subira kunishinda." Sauti ile ninayo mpaka leo. Mama alimpenda. Lakini baba hayupo, na walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, ni wewe. Watu wakamwambia mama, mpelekee kadhi, atamwozesha, kakake yuko mbali. Mama akapandisha sauti: "Binti yangu haozwi na kadhi kama mtoto wa kuokotwa. Ana kaka. Kaka yake kasema atarudi."

Tukamtuma Hamadi akupelekee habari kwa mabaharia. Miezi ikapita. Akaja na jawabu: "Salum kasema Maryamu angoje, hakawii." Nassor akangoja. Tukatuma tena, jawabu ikaja ileile. Nassor akangoja tena, mpaka babake alipomwita Mombasa, na huko akaoa. Aliniletea salamu kwa mke wa mwalimu mkuu wa chuo, kwamba haniwekei kinyongo. Nilimaliza kofia niliyokuwa nayo mkononi, nikaanza nyengine. Nilikuwa nikijisemea kwa Kihispania chako, nafuata kungoja, nafuata kungoja, na sikukukasirikia hata siku moja. Niliikasirikia bahari.

Mama aliugua mwaka ule mvua za masika zilipozidi. Kwanza miguu, halafu pumzi. Nilimwambia Hamadi akutafute kwa njia yoyote. Alipokuwa hawezi tena kukaa, mama alitaka kitanda chake kisogezwe dirishani, na kila sauti ya kiume iliyopita njiani aliniuliza, "Nani huyo?" Namwambia, muuza mkaa, mama. Muuza maji. Siku ya mwisho hakuniuliza nani. Alisema tu, "Mwambie sikumkasirikia." Nimekufikishia. Hiyo ni amana ya mama, nami naitoa kama nilivyopewa, wala usidhani kuna lolote langu ndani yake.

Tulimzika bila wewe. Ami alikuja akamteremsha kaburini, yeye aliyekuwa hatutazami, kwa sababu mtoto wa kiume hayupo.

Baada ya mwaka, jirani yetu Bi Rukia alitoka katika homa, akashauriwa akapumzike pwani, akaniomba nifuatane naye kwa jamaa zake Chwaka. Tulitoka alfajiri juu ya punda, tukafika alasiri haijaadhiniwa. Alfajiri mpaka alasiri, Salum. Na punda wa Bi Rukia ni mzee.

Siku ya pili nilikwenda kisimani na wenyeji. Kulikuwa na mtoto wa kike, mdogo, anateka maji kwa kifuu cha nazi na kumwagia wenzake. Mwanamke akamwita kutoka uani, "Asha! Lete maji hayo!" Na mtoto akaitika kwa sauti ya juu, "*No tardo!*"

Kamba ya ndoo ilinitoka mkononi.

Nikamwendea, nikachutama mbele yake. "Umesemaje, mwanangu?"

"Nimesema sikawii."

"Nani kakufundisha?"

"Baba."

Alikuwa na paji la uso la mama yetu. Nikabeba kifuu chake cha maji nikamfuata. Nakumbuka niliwaza, masikini mimi, kwamba huenda kuna mtu wa hapa aliyesafiri na wewe, kwamba nitapata habari zako. Hata nilipokuwa naingia uani kwako nilikuwa bado nakutetea.

Ulikuwa umekaa juu ya kinu kilicholazwa, unasuka dema la kuvulia, mguu wenye kovu umeunyoosha juani. Uliinua uso. Mikono ikakusimama. Na kaka yangu, katika maneno yote ya dunia, ukanambia kwa Kihispania, polepole, mkeo asisikie: "*Acabo de llegar*, Maryamu."

Nimemaliza kufika. Vumbi bado liko miguuni. Na mtoto wa miaka sita amekaa pajani pako.

Mkeo Kazija akatoka jikoni anafuta mikono. Akauliza, "Mgeni nani, mume wangu?"

Ukasema, "Mtu wa mjini."

Nimelitafuta neno la kusema nilivyokuwa pale na silipati, si kwa Kiswahili, si kwa hicho chako. Nilisema mwenyewe, "Mimi ni dada yake. Tumezaliwa tumbo moja." Kazija alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Kanambia hana mtu. Kanambia mama yake alifariki yeye akiwa mtoto, ndiyo tukampa huyu jina lake." Nikamwambia, "Mama yake amefariki mwaka jana. Kafa akimwulizia." Yule mwanamke, ambaye hakunijua wala hakunidai kitu, alikaa chini mchangani akamlilia mamangu. Wewe ulikuwa umeshika ufito wa dema, unaukunja na kuukunjua.

Kazija ndiye aliyenieleza yaliyobaki, kwani wewe ulitoka ukaenda pwani mpaka jua likashuka. Kanieleza kwamba mlioana kabla hujaaga kwetu, kwa babake mvuvi, kimya kimya. Kanieleza kwamba mara moja, masika ya mwaka jana, ulitoka ghafla na fimbo ukasema una shughuli mjini, ukafika Dunga, ukarudi. Ulikuwa umerowa, ukalala siku mbili hutaki kula. Nikauhesabu mwezi, nikajua. Ulikuwa umeshafika nusu ya njia, kaka. Mama alikuwa hai.

Nilipotaka kuondoka, ulikuwa umerudi. Ulinifuata mpaka kwenye boma la miti. Ukasema, "Ningelimwambiaje mama? Binti wa mvuvi, na yeye keshampa ami ahadi? Nilisema mwezi mmoja tu, hasira zikipoa narudi. Halafu mwezi ukawa mwaka. Kila nikikawia, kurudi kunazidi kuwa kugumu."

"Na Nassor?" nikakuuliza.

Ukauegemea mti mmoja wa boma.

"Ulipata habari?"

"Nilipata."

"Ukasema ningoje."

"Ningekuja vipi kukuozesha, Maryamu, nami niko Manila?"

Ulilisema hilo kwa unyonge, kama mtu anayetaka aonewe huruma. Nami nilikuwa karibu kukuonea. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mjini nilimwita Hamadi. Hakukana. Aliniambia kwamba jawabu zako za Nassor alizipata kutoka kwako siku ya pili yake tu, akazikalia miezi ili zionekane zimetoka mbali. Alisema alikuwa anakutendea wema, wewe rafiki yake. Nilimwambia asikanyage tena baraza aliyonywea kahawa ya mama.

Nimewaza sana kuhusu kosa lako, na nataka nikueleze lilipo, usije ukaliweka mahali pengine. Si Kazija. Mama angepiga kelele, angesema maneno, angekaa bila kukusemesha, na mtoto wa kwanza akizaliwa angekuwa Chwaka na mzigo wa nguo kabla hujamtia jina. Wewe ulimjua vizuri kuliko mimi. Kosa lako ni kwamba uliona tunangoja, ukaona kungoja kwetu hakukugharimu kitu, ukatuacha tuendelee. Tuliishi miaka ile kama watu waliokaa mlangoni na viatu miguuni. Wewe ulikuwa ndani, unakula.

Na lugha ile, Salum. Ilikuwa yetu. Kila nilipokuwa mnyonge niliitumia kama mtu anavyofungua kasha kunusa nguo za mtu aliye safarini. Sasa neno moja halinitoki kinywani. Nasikitika, kwa sababu nilizipenda zile alasiri, na umenifanya nizitazame moja moja nikijiuliza ni katika ipi ulikuwa umeshaanza kutudanganya.

Sasa lile lililoniandikisha.

Nimeposwa. Bwana Seif, mshona makubadhi wa Hurumzi, mjane, wanawe wameshaoa. Si kijana, nami si kijana. Alipoleta posa hakutuma mtu wa kupamba maneno; alimwambia ami, "Nimekaa peke yangu nimechoka, na nasikia yeye naye amechoka." Nimeridhika naye. Nilitaka kadhi aniozeshe. Kadhi akaniuliza, "Una walii?" Ningeweza kusema yuko safarini. Unguja nzima ingeshuhudia, kwa sababu ndivyo ilivyoamini. Nilimwambia ninaye, kaka yangu wa baba mmoja na mama mmoja, yuko Chwaka, mzima wa afya. Akasema basi Chwaka si mbali, haki yake haianguki, na aandikiwe, aje mwenyewe au aweke wakili.

Kwa hiyo nakuandikia kwa amri ya kadhi. Haki hiyo ni yako, sikukupa mimi, na siwezi kukunyang'anya. Ninachokuomba ni kimoja. Mfanye kadhi wakili wako. Useme mbele ya huyu mjumbe na mashahidi wawili wa hapo kwamba umempa kadhi idhini aniozeshe kwa Seif, na basi. Usije. Usitume salamu, usitume samaki, usiseme utakuja baadaye. Sitaki kuolewa siku hiyo huku sikio langu liko ngazini.

Kazija mwambie namsalimu sana. Asha akitaka kuja mjini aje, yeye na mamake, kitanda cha mama kipo, nitamfundisha kushona. Wao mlango wangu hawaubishi, wanauingia. Wewe, bado siwezi. Sijui kama nitaweza, na sitakuahidi, maana nimeona ahadi inavyomfanya anayeahidiwa.

Mjumbe ameambiwa akae barazani kwako asiondoke bila ya jawabu, hata ukimkawiza mpaka kesho. Yeye analipwa kungoja. Mimi nimeshaacha.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Maryamu
Kiponda, Unguja